Jua Mnalolikimbia, Huku Tunalinunua

Tampere, Ufini

Ndugu zangu wa Kisumu,

Salamu za huku ni baridi, kwa hiyo nitazifupisha. Nimeudhika. Binamu yangu wa Nyalenda amenitumia ujumbe wa sauti, amenung'unika weee, mwishowe akafika kwenye haja yake: nimtumie "zile tembe za nguvu za wazungu", kwani siku hizi anaamka hoi, na ikifika saa nane mchana kichwa kinaangukia meza. Shangazi naye anazitaka. Jirani yake shangazi, ambaye hata simjui, ameshaweka oda. Hivi mnadhani nimefungua duka la nguvu huku?

Ngoja niwaambie hizo tembe ni za nini. Mwezi wa Desemba hapa jua huchomoza karibu saa nne asubuhi, na ikipita kidogo saa tisa alasiri limeshazama. Tena ni jua la kuhadithiwa tu, maana mara nyingi limejificha nyuma ya mawingu. Mtu anakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Mwili unakuwa mzito, usingizi hauishi, roho inataka vitu vitamu kutwa kucha. Daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliielezea hali hii kitaalamu mwaka 1984: ni sonona ya msimu, inayokuja na giza na kuondoka na mwanga. Na tiba yake mojawapo ni taa. Watu wanatoa pesa mfukoni, wananunua taa ya mwangaza wa lux 10,000, wanakaa mbele yake nusu saa kila asubuhi. Yangu iko jikoni, kando ya birika. Jua la adhuhuri la Kisumu, siku isiyo na wingu, hutoa mara kumi ya mwangaza huo, na hakuna anayekuletea bili.

Tembe zenyewe ni za vitamini D, ambayo ngozi hujitengenezea ikipata jua la kutosha. Ufini iliona watu wake hawaipati, ndiyo maana tangu 2003 inatiwa kwenye maziwa. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ili kuitengeneza, basi wauguzi wakituona tu wanauliza kama tunameza. Ikifika Machi na jua likajitokeza, mtaa mzima unasimama kando ya ukuta, nyuso juu, macho yamefumbwa, kama mijusi. Wazee, walimu, polisi. Hakuna anayemcheka mwenzake.

Nanyi je? Mko jirani na Ikweta, inayopita hapo Maseno. Mchana wenu ni wa saa kumi na mbili Januari na saa kumi na mbili Julai. Halafu mnatoka kwenye chumba chenye pazia, mnaingia kwenye tuktuk, mnashuka mlangoni pa ofisi yenye pazia jingine. Kutoka Kibuye hadi katikati ya mji, boda! Huku watu wazima wenye miguu mizima wananunua fimbo mbili za kutembelea ili wapate hamu ya kwenda mwendo ambao dani, bibi yetu, alikuwa anautembea na beseni la samaki kichwani. Na wanajua wanachokitafuta: mtu aliyechoka kwa kukaa, akitembea nusu saa anarudi na nguvu zaidi ya alizoondoka nazo.

Badala yake mmeangukia vinywaji vya "enaji". Hebu soma kibandiko cha kopo la mililita 500. Mengi yana gramu kama 11 za sukari katika kila mililita 100, yaani gramu 55, vijiko vya chai zaidi ya kumi na tatu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima akiweza asizidishe gramu kama 25 kwa siku. Hapo hujapata nguvu, umekopa, na deni litadaiwa kabla ya jioni. Huku nako watu wanameza vidonge vya mafuta ya samaki vya bei ya kutisha, nami nikiviona nakumbuka kuna vijana Milimani wanaoona haya kula omena kwa sababu eti ni chakula cha wasionacho. Omena! Samaki anayeliwa mzima, mifupa na kichwa, na madini ya chuma na chokaa yote ndani. Mna wazimu nyinyi, lakini nawapenda.

Basi sikieni, haya hayahitaji posta. Ukiamka, toka nje kabla hujashika simu, ukae kwenye mwanga robo saa. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha, na usiku usingizi utakuja kwa wakati wake. Kunywa maji mapema, maana joto la hapo linamkausha mtu polepole, na yeye anadhani ni uvivu. Asubuhi tia tumboni yai, maharagwe au omena za jana, si mandazi na chai ya sukari peke yake. Ukila mboga za osuga au dek, kamulia ndimu ili mwili upate madini ya chuma vizuri, na chai isubiri saa nzima, kwa sababu inayazuia madini hayo. Kahawa iishie mchana. Saa tano au sita baadaye nusu ya kafeini huwa ingali mwilini. Wavuvi wa omena, walinzi na watu wa boda wa usiku, nyinyi chai inyweni mwanzo wa zamu, kisha mchana zibeni dirisha kwa kitambaa cheusi mlale. Na simu ilale chumba kingine, hata kama kuna kesi ya timu ya Gor Mahia ya kujadiliwa.

Lakini kuna uchovu ambao hata jua halitauondoa, na hapa siwatanii. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Kuna upungufu wa damu, hasa kwa kina mama na watoto. Kuna selimundu. Kuna kichocho cha ziwani, ambacho hushambulia utumbo na ini bila kuonyesha damu kwenye mkojo, kwa hiyo mtu anaishi nacho akijiita mvivu. Waosha magari wa ukingoni mwa ziwa hapo Kisumu walichunguzwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wenzao, na matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2002: wanatibiwa, wanarudi majini, wengi wanaambukizwa tena. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, lakini haikukingi ukikanyaga maji kesho.

Na nyinyi mkichoka mnakimbilia duka la dawa kuchomwa sindano ya vitamini, bila mtu kuwapima hata damu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hayo mengine yote. Ukichoka wiki mbili mfululizo na umelala na kula vizuri, nenda kituo cha afya, wakupime malaria, wingi wa damu na choo, kabla hujanunua chochote cha chupa wala cha tembe.