Masikio ya Mpiga Tarumbeta

Sisi tuliokulia katika miteremko ya Mlima Meru tulijifunza muziki mahali pa wazi. Waarusha waliimba uwanjani pasipo ngoma. Mmoja alitangulia, wenzake wakaitikia kwa sauti nzito za kifuani, na upepo ukauchukua mvumo wote. Hata matarumbeta ya Kilutheri, tuliyoyapiga harusini na mazishini, mara nyingi yalilia kando ya migomba.

Mambo yaligeuka tulipoanza kupiga katika kumbi za mjini Arusha, chini ya paa la bati, spika zikiwa zimepangwa nyuma yetu. Usiku mmoja tulitoka masikio yakivuma kama mzinga wa nyuki. Tulicheka, tukidhani hiyo ndiyo alama ya kazi iliyofana. Kesho yake mvumo ulikwisha, nasi Jumamosi iliyofuata tukarudi. Tuliendelea hivyo kwa miaka. Sasa mvumo hauondoki, na mwanafunzi akitamka “saa” au “faa”, hatujui ni lipi alilolisema.

Ndani kabisa ya sikio, katika kijifupa kilichojiviringa kama kombe la konokono, mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Hizo ndizo zipokeazo mtikiso wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Zikifa hazioti tena, na zile za sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Desibeli 85 huhesabiwa kuwa kikomo cha saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo hupungua nusu. Zikifika 100, aliye karibu na spika ana dakika 15 tu. Nayo harusi ya mjini huanza saa 2 usiku ikaisha saa 7! Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kumbi zisivuke wastani wa desibeli 100, lakini ni nani apimaye?

Vipo vizibo vya masikio vya mpira au sponji. Pamba haifai, twasema hivyo kwa kuwa tuliitumia. Tena anayeketi mbele ya tarumbeta huumia kuliko anayelipuliza, kwa hiyo mabenchi yafaa kupangwa upya.

Hivi karibuni tulimpa mpiga ngoma wetu mdogo vizibo. Alikataa, akihofia kuchekwa na wenzake. Tulimgeuzia mgongo ili tupange karatasi za nyimbo. Kumbe alikuwa akituita, mara tatu, nasi hatukugeuka. Tulipomtazama alikuwa amekwisha kuvivaa.