Kioo cha Shevchenko

Wajukuu wangu wakiniuliza habari za Kyiv hutaka niwasimulie theluji. Theluji niliizoea kabla mwaka haujaisha. Kilichonifuata hadi uzeeni ni kioo kimoja cha rangi, kilichovunjwa katika ukumbi wa kuingilia wa chuo kikuu chetu mwezi wa Machi 1964, pamoja na jina la mmoja wa waliokitengeneza, Alla Horska.

Nilitoka Tanga nikiwa kijana, nikaenda kusomea jiolojia kwa ufadhili wa wenyeji. Mwaka wa kwanza tulifundishwa Kirusi, na Kirusi kilitosha: ofisini, darasani, kwenye tramu. Kiukraine tulikisikia zaidi sokoni, kwa akina mama waliokuja kutoka mashambani na mayai yao na mbegu za alizeti. Sisi tuliokulia chini ya Mwingereza hatukuhitaji kuelezwa jinsi lugha ya mwenye nchi inavyoweza kubaki sokoni, na ya mgeni ikakaa mezani kwa mkubwa.

Jengo kuu la chuo lilipakwa rangi nyekundu, kuta na nguzo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bustani, na ndani yake sanamu ya Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji ambaye chuo kilipewa jina lake. Kwa asiyemjua: alizaliwa mtwana mwaka 1814, mali ya bwana mwenye mashamba. Mwaka 1838 alikombolewa kwa rubli 2,500, fedha zilizopatikana kwa kuichezesha bahati nasibu picha ya mchoraji mashuhuri, Karl Bryullov. Mwaka 1847 Tsar akamtia jeshini na kumpeleka uhamishoni kwa sababu ya mashairi yake, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba asiruhusiwe kuandika wala kuchora. Mwalimu alipotusimulia haya, mwenzangu wa Bagamoyo alimwomba ayarudie. Hatukuwa tumetarajia kukuta utwana Ulaya, tena wa Mkristo mweupe kumilikiwa na Mkristo mweupe.

Mwaka 1964 Shevchenko alikuwa akitimiza miaka 150 tangu kuzaliwa, na serikali ilitaka sherehe. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa maana wengi hudhani wachoraji wa kioo kile walikuwa wakifanya mambo ya chinichini. Kazi ile iliagizwa rasmi. Walioifanya walikuwa watano: Horska, Opanas Zalyvakha, Liudmyla Semykina, Halyna Sevruk na Halyna Zubchenko. Sisi wanafunzi tulipita pale kila siku tukienda kwenye mihadhara, na ingawa Januari ile akili zetu sisi wa Afrika Mashariki zilikuwa kwenye redio, tukitafuta habari za Mapinduzi ya Zanzibar, hakuna aliyepita bila kuinua macho.

Shevchenko wa sanamu na wa stempu tulimzoea: mzee wa masharubu, mwenye huzuni, aliyetulia. Huyu wa kwenye kioo alikuwa na hasira. Kwa mkono mmoja alimkumbatia mwanamke aliyeteswa, na mkono wa pili aliuinua juu, ameshika kitabu. Mwanamke yule alikuwa Ukraine, na hata mimi wa mbali nilimwelewa bila mkalimani.

Horska mwenyewe nilimwona pale. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi waliomzunguka, nywele zake za manjano, cheko lake likisikika hadi kwenye ngazi. Hatukuwahi kuzungumza. Nataja hili kwa sababu siku hizi kila aliyepitia Kyiv miaka ile anadai alikunywa chai jikoni kwake.

Kisha asubuhi moja kioo kilikuwa kimefunikwa. Baadaye hakikuwapo. Mama wa usafi alikuwa akifagia, na nilipomtazama kwa kuuliza, aliinamia ufagio wake kama mtu anayefagia vumbi la kila siku. Hapakuwa na tangazo wala maelezo. Siku zilipopita ndipo minong'ono ya bwenini ikaanza kuunganika: viongozi wa chama walikuja kukagua, hawakupenda, kikavunjwa kabla hakijazinduliwa. Tume iliyoletwa kutoa hukumu ilisema Shevchenko amechorwa kwa mtindo wa picha takatifu za makanisa ya kale, amepotoshwa, hana lolote la Kisovieti. Waliagiza Shevchenko, wakaletewa Shevchenko, wakamvunja. Horska na Semykina walifukuzwa katika Umoja wa Wasanii, na bila umoja ule mchoraji hakupata kazi ya serikali, na kazi nyingine haikuwapo. Mwaka uliofuata walirudishwa.

Habari za maisha ya Horska nilizipata kwa vipande, nyingine miaka mingi baadaye. Alizaliwa Yalta mwaka 1929, katika nyumba ya mkubwa: baba yake aliongoza studio za filamu za serikali. Utotoni alikuwa Leningrad wakati Wajerumani walipouzingira mji ule, akaonja njaa yake. Alilelewa kwa Kirusi. Kiukraine alijifunza ukubwani, akiandika imla kama mtoto wa shule chini ya rafiki yake Nadiia Svitlychna. Mwaka 1962 yeye, mwongozaji wa tamthilia Les Taniuk na mshairi Vasyl Symonenko walikwenda Bykivnia, msituni nje kidogo ya Kyiv, wakakuta makaburi ya halaiki ya watu waliouawa na polisi wa siri wa Stalin. Waliandikia halmashauri ya jiji wakitaka yatambuliwe. Mwaka 1962! Mtu aliyeishi katika nchi ile atajua ujasiri wa barua kama hiyo.

Wengine humwita mpinzani wa serikali. Mimi namwona tofauti. Serikali ilisema Shevchenko ni sauti ya wanyonge. Yeye aliamini, akamchora hivyo. Serikali ilisema makosa ya Stalin yamekwisha kulaaniwa. Yeye akaomba makaburi yatiwe alama. Kosa lake lilikuwa kuyachukua maneno ya wakubwa kuwa ya kweli, na hakuna utawala unaomsamehe mtu wa namna hiyo.

Tarehe 22 Mei, siku ambayo mwaka 1861 maiti ya Shevchenko, iliyorudishwa kupitia Kyiv, ilizikwa nyumbani, vijana walikusanyika penye sanamu yake, wakaweka maua na kuimba. Niliwatazama kutoka upande wa chuo. Palikuwa na wanaume waliovaa makoti ingawa jua liliwaka, nao hawakuimba. Msimamizi mmoja wa bweni alikuwa ametukumbusha sisi wageni kwamba Mei ni mwezi wa kujiandaa na mitihani. Tulimwelewa.

Mwaka 1965 kamatakamata ilianza. Zalyvakha alihukumiwa miaka mitano ya kambi huko Mordovia, na huko alikatazwa kuchora, adhabu ileile aliyopewa Shevchenko na Tsar. Horska alimwandikia barua, akawa anawapigania wafungwa kwa waendesha mashtaka. Wakati huohuo, na hapa ndipo ninapotikisa kichwa hadi leo, serikali iliendelea kumpa kazi. Haikuwa Kyiv, ilikuwa mbali, Donbas, kwenye makaa ya mawe na vyuma.

Mimi nilipelekwa Donetsk kwa mazoezi ya vitendo mwaka 1966. Mji wa vilima vyeusi vya takataka za migodi, moshi, na wachimbaji wenye wanja wa makaa usiotoka machoni. Hapo ndipo nilipoiona shule namba 5. Kuta zake za nje zilikuwa na mozaiki kubwa za jua, ardhi, maji, wanyama, vipande vya kioo na vigae vikiwaka katika vumbi lile. Zilikuwa kazi ya kundi: Hryhorii Synytsia, Horska, mumewe Viktor Zaretsky, Zubchenko na wengine. Niliowauliza pale hawakujua majina hayo. Watoto walicheza mpira chini yake. Mwaka 1967 Horska alifanya nyingine Mariupol, mji uliokuwa ukiitwa Zhdanov, ndani ya mkahawa: "Mti wa Uzima" na "Boryviter", kipanga aliyetandaza mbawa akikabili upepo.

Mwaka 1968 aliweka sahihi kwenye barua ya watu 139 kwa Brezhnev, kiongozi wa nchi, na wenzake kupinga kesi za siri za kisiasa. Akafukuzwa tena kutoka Umoja wa Wasanii. Mwaka huo mimi nilirudi nyumbani.

Tarehe 28 Novemba 1970 alikwenda Vasylkiv, mji mdogo karibu na Kyiv, kwa baba mkwe wake, kuchukua cherehani. Hakurudi. Siku chache baadaye alikutwa ndani ya nyumba ile, amepigwa kichwani. Baba mkwe alikuwa amekwisha kukutwa kwenye reli karibu na Fastiv, amekufa. Wapelelezi walisema mzee alimuua kwa chuki kisha akajiua, wakafunga faili. Waliomjua hawakuamini, wala mimi siamini. Wengi waliishuku KGB, polisi wa siri. Alizikwa tarehe 7 Desemba, jeneza likiwa limefungwa. Makaburini walizungumza Yevhen Sverstiuk, Vasyl Stus na Ivan Hel, na wote watatu walikamatwa mwaka 1972. Stus alifia kambini mwaka 1985. Kwa kifo cha Horska hakuna mtu aliyewahi kusimamishwa kizimbani.

Mwaka 2022 vita viliifikia Mariupol, na mozaiki zake za pale zikapigwa. Kioo cha 1964 kimebaki katika michoro ya awali na picha.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu tuliosoma kule, mlioko Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na kwingineko. Wengi tulikuwa na kamera ndogo za Kirusi, tukapiga picha mbele ya kila ukuta. Fungueni masanduku. Ukikuta picha yako ya ujana, nyuma yako ukuta wa mozaiki wa Donetsk au Mariupol, usiitupe na usiwaachie panya: andika nyuma yake mji na mwaka, uitume kwa makumbusho ya Kyiv.