Mchumba alidhani anachepuka, kumbe anasaka sekunde!

Haya wadau, hii ni ya Butiama. Kijana mmoja alikuwa hashikiki usiku. Saa nane taa ya kompyuta inawaka, simu hapokei. Mchumba wake, mwenye duka la dagaa Musoma mjini, akajua tayari ana mwenzake. Tarehe ya mahari ishasogezwa mara mbili, nani asingewaza hivyo?

Kumbe jamaa anahangaika na hesabu za duka hilo hilo. Seva ya kutunza mauzo aliiandika mwenyewe, ila dada akifungua orodha ya mwezi kwenye simu, inajikokota balaa.

Kosa lilikuwa hili: seva ilituma kila mstari wa orodha peke yake. Ni kama Noah itoke Butiama mpaka Makutano na abiria mmoja, irudi kumfuata mwingine. Na safari ina gharama: kwenye TCP/IP hata herufi 1 inabebeshwa baiti 40 za anwani na mengineyo. John Nagle wa Marekani aliliandika hilo mwaka 1984, akatoa na kanuni ya kukusanya vipande vidogo kabla ya kutuma. Jamaa alikuwa ameizima kwa TCP_NODELAY, eti mambo yaende haraka!

Basi akaweka bafa, yaani stendi. Mistari inakusanyika, zikitimia baiti 8192 gari linaondoka. Kipimo alikiiga kwa PostgreSQL. Orodha ndefu ikaanza kufunguka chapu.

Asubuhi dada anatafuta bei ya debe moja tu. Kimya. Jibu dogo limekaa stendi linasubiri gari lijae, dada naye anasubiri jibu. Wateja wamesimama. Akapiga simu: "Hivi unaniharibia duka makusudi?" Siku mbili hawakuongea, na mahari ikawa haitajwi tena.

Dawa ilikuwa mstari mmoja tu kwenye programu: ukimaliza kujibu, kabla hujakaa kusubiri swali lingine, sukuma kilichomo kwenye bafa hata kama ni kiduchu. PostgreSQL nayo hufanya hivyo. TCP_NODELAY akaiacha ilivyo, maana abiria ameshasubiri stendi, ya nini kumsubirisha tena barabarani?

Jumapili dada akaja Butiama mwenyewe. Akabonyeza orodha ya mwezi, ikaja. Bei ya debe, ikaja. Akatabasamu kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Haya, sasa nipe na simu yako niikague."