Kutoka Ngara hadi Malimbe: mzazi anapokwenda kwenye mahafali ya mwanawe

Simu huingia jioni, mara nyingi kati ya Oktoba na Desemba. "Mama, tarehe ya mahafali imetoka." Nyumbani Kabanga, Rulenge, Nyakahura au Biharamulo mjini, hesabu zinaanza hapo hapo: nauli ya watu wangapi, kitenge kipi, gesti siku ngapi, nani abaki na mbuzi. Katika hesabu zote hizo kuna swali moja ambalo familia nyingi hulisahau, nalo lilipaswa kuwa la kwanza. Jina la mtoto limo kwenye orodha?

Vyuo hutoa orodha ya wanaotarajiwa kuhitimu kabla ya siku yenyewe. Mwanafunzi aliyebakiwa na somo, au ambaye ada yake haijakamilika, anaweza kukosekana humo hata kama amekaa chuoni miaka mitatu bila kukosa. Wapo vijana wanaoshindwa kulisema hilo. Siku zinakwenda, mbuzi anauzwa, shangazi anashona nguo, na kijana bado ananyamaza, mpaka wazazi wanafika getini. Ni aibu kubwa kwa pande zote, na ingezuilika kwa sentensi moja iliyosemwa kwa sauti ya kawaida: "Orodha ikitoka nitumie picha yake tuione." Mtoto akisita, mzazi asipandishe sauti. Somo hurudiwa. Wapo waliohitimu mwaka uliofuata na leo wako kazini. Afadhali nauli ibaki mfukoni, kijana arudi nyumbani, mambo yazungumzwe jikoni.

Jina likiwemo, linafuata swali la kampasi. Familia nyingi za Ngara na Biharamulo huwa na mtoto Mwanza, na huko "chuo" si kimoja. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho wengi hukiita Sauti, kiko Malimbe, upande wa Nyegezi, yapata kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji. Kilianza kama taasisi ya mafunzo mwaka 1960 na kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Kinamilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki, ingawa husomesha watoto wa dini zote. Chuo cha tiba cha Bugando kipo mlimani kwenye hospitali, katikati ya jiji, na huko nyuma kilikuwa chini ya Sauti, ndiyo maana wazee bado wanavichanganya. Aliyeambiwa Malimbe akashukia Bugando amepoteza asubuhi nzima na hela ya bodaboda.

Halafu kuna jambo la saa, ambalo watu wa mikoa mingine wakisimuliwa hucheka. Kwa mzazi wa Kabanga au Rusumo halina kicheko. Burundi na Rwanda ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe, ikinasa mnara wa ng'ambo usiku, hujirudisha nyuma bila kumwambia mtu. Baba anaamka, anaona saa 9 usiku, anageuka upande wa pili. Kumbe ni saa 10, na basi linaondoka saa 11 alfajiri. Kabla ya kulala, mwenye simu aingie kwenye mipangilio azime saa ya kujipanga yenyewe, na achague mtandao wake kwa mkono. Hilo la pili linamwokoa pia na makato ya kupiga simu kupitia mtandao wa nje. Au familia iazime saa ya ukutani ya jirani, ambayo haijui mpaka. Na tiketi ikisomeka "11:00", mkata tiketi aulizwe wazi kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu.

Vitambulisho viwe mkononi, visiwe ndani ya begi lililo chini ya basi. Wilaya hizi ni za mpakani, na ukaguzi njiani ni jambo la kawaida. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana sana, na bibi anayezungumza Kihangaza kitupu, asiye na kadi ya NIDA, anaweza kuulizwa maswali mengi kuliko wenzake. Si kosa lake, na asione haya. Kama kadi haijatoka, familia ipitie kwa mtendaji wa kijiji siku chache kabla, ichukue barua yenye picha na mhuri. Kadi ya mpiga kura nayo husaidia. Mjukuu akae kiti kimoja na bibi, ili maswali yakija asiwe peke yake.

Safari yenyewe ni ya kutwa. Kutoka Ngara mjini gari hufika Benaco, jina ambalo dunia ililisikia mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu. Leo ni mahali pa malori, maduka na ndizi za kuchoma. Kutoka hapo hadi Lusahunga barabara hubeba malori mazito ya Rwanda na Burundi, kwa hiyo anayetapika safarini akae mbele na ale kidogo. Lusahunga ndipo njia zinapoachana: wa Dar es Salaam huelekea Nyakanazi, wa Mwanza huenda Biharamulo. Wazazi wenye umri wanakumbuka miaka ambayo magari yalipita mapori haya kwa msafara, polisi wenye bunduki mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi. Watoto wao wanaohitimu leo hupita hapo wamelala, kichwa dirishani.

Baada ya Biharamulo ni Bwanga, Katoro, Geita, Sengerema, kisha Busisi. Aliyezoea kusubiri kivuko hapo, jua kali, watoto wanalia, hataamini. Daraja la J. P. Magufuli lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 hivi, na basi hulivuka kwa dakika chache. Wanaotaka kuliona ziwa wakae macho kuanzia Sengerema. Ng'ambo ni Kigongo, halafu Usagara, ambako njia hukutana na ile ya Shinyanga na kugeukia jijini.

Hapa ndipo wengi hupitiliza. Anayekwenda Malimbe hana haja ya kufika mjini, kwa kuwa stendi ya Nyegezi inatangulia. Baada ya Buhongwa na Mkolani mzazi aanze kufunga mabegi. Bajaji na bodaboda za stendi zinapajua Malimbe vizuri, ila bei isemwe kabla ya kupanda, na ni bora zaidi mtoto mwenyewe awe pale anasubiri. Kwa mzazi ambaye hajawahi kuja, kumwona mwanawe amesimama stendi akiwa mwenyeji wa jiji ni sherehe ya kwanza, kabla hata ya joho.

Malazi yapangwe mapema. Wiki ya mahafali gesti za Nyegezi hujaa, na chumba cha shilingi kidogo hupanda bei. Wanafunzi wengi hupanga vyumba mitaani kuzunguka chuo, wanaviita geto. Mama kulala geto kwa bintiye hakuna shida, na huenda ndiyo nafasi pekee ya kuona alivyoishi miaka yote hiyo: jiko la gesi dogo, ndoo mbili, godoro. Baba atafutiwe gesti. Kwa geto la mvulana, apewe taarifa siku mbili kabla, apate muda wa kufagia.

Ngara iko juu milimani na ina baridi ya asubuhi. Mwanza ni chini, kando ya ziwa, na joto lake huwachosha wageni. Sweta livaliwe kwenye basi la alfajiri, likifika Geita lirudi begini. Siku ya mahafali nguo nyepesi hushinda suti nzito, na viatu vya kisigino kirefu havipatani na mawe ya Mwanza. Mwavuli ni wa lazima, kwa jua na kwa mvua za vuli. Chupa ya maji nayo isisahauliwe, kwa maana shughuli ni ndefu na mzee mwenye sukari au presha hawezi kungoja hotuba ziishe ndipo ale. Dawa zake zibebwe na mtu mmoja anayejulikana.

Asubuhi hiyo mhitimu huondoka mapema kupanga mstari, na kuanzia hapo simu yake haipokelewi. Muziki ni mkubwa, mtandao unalemewa. Kwa hiyo mahali pa kukutana pachaguliwe jana yake kwa miguu, si kwa maneno: mti fulani, ngazi za maktaba, popote ambapo bibi amepaona kwa macho yake. Wageni waingie kabla ya mgeni rasmi, maana akishaingia milango huwa migumu. Mtoto aulizwe pia idadi ya wageni wanaoruhusiwa kukaa ndani. Nafasi zikiwa mbili tu, wa tatu asilazimishe. Na kama kuna nauli ya mtu mmoja wa ziada, apewe mdogo wake aliye kidato cha tatu au cha nne kabla ya mjomba. Mjomba atakula wali, mdogo mtu ataona maktaba.

Jambo linalowaumiza wazazi wengi ni la jina. Wamesafiri kutwa, wamekaa wima tangu asubuhi wakisubiri kusikia jina la ukoo likitajwa kwenye kipaza sauti, na halitajwi. Katika vyuo vyenye wahitimu wengi, wa shahada ya kwanza hutunukiwa kwa makundi. Mkuu wa kitivo huwaita wote wa fani fulani, wanasimama pamoja, mkuu wa chuo anatamka maneno ya kuwatunuku, basi wamekwisha hitimu. Inachukua dakika moja au mbili. Mama anayesubiri jina hukaa na vigelegele kooni mpaka watu wanaanza kutoka. Kwa hiyo ajifunze mapema jina la fani, hata kama ni la Kiingereza, aliandike kwenye karatasi au mkononi. Likitajwa asimame, apige vigelegele vyote alivyotoka navyo Ngara. Asitarajie cheti siku hiyo, kwani mara nyingi hufuatwa baadaye. Joho nalo ni la kuazima, lina tarehe ya kurudisha na faini, lisipande basi la Biharamulo kwenda kuonyeshwa kijijini.

Nje kuna wapiga picha na wauza maua. Picha moja nzuri ya familia yote inatosha. Bei na siku ya kuipata visemwe kabla ya kutabasamu. Mchana, wengi hushuka kuelekea ziwani kula sato. Wale kwa furaha, lakini watoto wasiingie majini. Kichocho kipo katika mwambao wa Ziwa Victoria, na dakika chache za kucheza ukingoni zinatosha kukipata.

Zawadi kutoka nyumbani zisiwe nzito. Maharage ya Ngara kilo mbili kwa mwenye nyumba aliyemvumilia kijana alipochelewesha kodi, na senene kama msimu umefika, zinapokelewa vizuri kuliko mkungu mzima uliochubuka njiani. Mzazi akimwona mwenye nyumba huyo, amshukuru mwenyewe kwa mdomo.

Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile ya kufika, kwa kuwa siku inayofuata mahafali kila mtu anaondoka. Mtoto atasema anabaki wiki moja "kumalizia mambo". Kweli yapo: kurudisha joho, kufuatilia cheti, kukabidhi chumba. Mzazi amwachie nauli yake ya kurudi mkononi, aingie basini, na likipita Biharamulo atoe sweta.