Taa na Sauti za Usiku Kambini Shanzu: Nasaha kwa Mpwa

Kwa mpwa wangu,

Hema ni kitambaa. Halina ukuta wa kuzuia sauti wala dari ya kuficha mwanga, na kinachofanyika ndani yake baada ya magharibi huwafikia waliolala hema la pili na la tatu, na mara nyingi nyumba za jirani. Adabu zote za usiku kambini zimesimama juu ya jambo hilo: taa na sauti hupimwa pale zinapofikia, si pale zinapotoka. Mwenye kudhani taa yake ni ndogo na atoke nje, aende hatua thelathini, kisha ageuke aitazame.

Wadi ya Shanzu, huku Kisauni, si pori. Upande mmoja kuna bahari iliyo ndani ya hifadhi ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Upande wa pili kuna hoteli, nyumba za watu, misikiti, makanisa na chuo cha walimu. Wavuvi hapa hufuata maji, hawafuati saa ya ukutani: maji yakiwa mazuri saa tisa usiku, saa nane wameshaamka. Mama wa mahamri na mbaazi huwasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri. Watu hawa usingizi wao ni ule wa saa tatu hadi saa saba, saa zile zile ambazo vijana waliokuja kambini huona ndiyo kwanza usiku umenoga. Jioni moja ya nyimbo kwa wageni ni siku nzima ya uchovu kwa mvuvi aliye baharini.

Sheria nayo haiko kimya. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, zinahesabu usiku tangu saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye makazi, sauti inayoruhusiwa nje mchana ni desibeli 50. Usiku ni 35 tu. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti pia kazi ya kudhibiti kelele. Desibeli 35 ni kidogo mno, na ni vizuri kiongozi wa kambi aelewe udogo wake. Mazungumzo ya kawaida, mtu akiwa umbali wa mita moja, hufikia kama desibeli 60. Mahali palipo wazi, kila umbali ukizidi maradufu sauti hupungua desibeli 6 hivi. Kwa hesabu hiyo, watu wawili wanaozungumza tu, bila kupaza sauti, wanahitaji zaidi ya mita 16 ndipo maneno yao yashuke hadi kiwango cha usiku. Mahema mengi hupigwa hatua tatu au nne kutoka moja hadi jingine. Kwa hiyo baada ya watu kulala, mazungumzo ni ya kunong'ona, au wazungumzaji wasogee mbali.

Usiku wenyewe huisaidia sauti kwenda. Pepo za mchana zikitulia na ardhi ikapoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepanda na kupotea hupindwa kurudi chini. Ndiyo maana mtu husikia usiku garimoshi au ngoma ambayo mchana hakuisikia. Mlio mzito wa spika hupita kwenye kitambaa, makuti na hata ukuta wa matofali, kwa hivyo kupunguza sauti hadi maneno ya wimbo yasisikike hakutoshi kama besi bado inagonga. Spika ya kubebwa mkononi haina nafasi kambini baada ya saa tatu. Jenereta ni mbaya zaidi, kwa kuwa haina mapumziko. Simu na taa zichajiwe mchana.

Wapo wanaosema Mtwapa, ng'ambo ya daraja, ina vilabu vinavyokesha, basi kelele za kambi zitaongeza nini? Hoja hiyo ni dhaifu. Kelele ya mwingine haimpi mtu ruhusa ya kuongeza yake, na aliye karibu ndiye anayesumbua zaidi.

Zipo pia sauti ndogo ambazo wengi hawazihesabu. Gari likifungwa kwa rimoti hupiga honi na kuwasha taa. Lifungwe kwa ufunguo, na milango isukumwe, isibamizwe. Zipu ya hema ivutwe taratibu kwa mikono miwili. Simu ya kumwamshia mtu daku au swala iwekwe chini ya mto, itetemeke tu. Sufuria zisioshwe usiku. Zilowekwe hadi asubuhi.

Kuhusu mwanga, la kwanza ni stara. Taa ikiwashwa ndani ya hema, hema lote hugeuka pazia, na kivuli cha anayebadilisha nguo huonekana nje mwili mzima. Wageni wengi hawalijui hili mpaka waambiwe, na kuwaambia mapema, wasichana na wavulana, ni wajibu wa mkubwa wa kambi. Mtu asisimame kati ya taa na kitambaa, au taa izimwe kabisa wakati wa kuvaa.

La pili ni macho. Jicho la binadamu huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na tochi moja ya usoni huiharibu nusu saa hiyo kwa nukta moja. Tochi ya kichwani ndiyo yenye makosa mengi, maana mvaaji humgeukia kila anayezungumza naye na kumpofusha bila kukusudia. Ielekezwe miguuni, iwe hafifu, na ikiwezekana iwe nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauliondolei jicho uzoefu wake wa giza.

La tatu ndilo zito kuliko yote katika ufuo huu, nalo ni kasa. Kasa jike hupanda mchangani usiku, huchimba shimo, hutaga mayai ambayo mara nyingi hupita 100, hufukia na kurudi majini. Akiona tochi zinazunguka au watu wanakimbia, hugeuka akaenda zake bila kutaga. Baada ya takriban miezi miwili vifaranga hutoka, kwa kawaida usiku mchanga ukishapoa. Huwa hawana wa kuwaongoza. Huelekea upande wenye mwanga zaidi karibu na upeo wa macho, na tangu kale upande huo ulikuwa bahari, yenye kuakisi nyota na mwezi, ilhali nyuma yao miti ilikuwa nyeusi. Taa nyeupe ya kambi huipindua hesabu hiyo. Kifaranga huifuata taa, hupanda bara, na jua likichomoza humkuta kwenye majani akiwa amekauka, au kunguru na kaa huwa wamemuwahi kabla. Moto wa kuota ufuoni huwavuta vile vile, na ukiwashwa juu ya kiota huweza kuyadhuru mayai yaliyo chini.

Kwa sababu hiyo hakuna taa inayotazama bahari. Taa ya jikoni na ya njia ya choo iwe chini ya goti, ifunikwe upande wa ufuo, na iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu. Mwanga wa samawati na mweupe ndio unaowavuta zaidi kasa, na hata wadudu. Kaunti nyingi za pwani ya Florida, Marekani, zimeyaweka haya kuwa sheria wakati wa msimu wa kutaga. Akionekana kasa, tochi zote zizimwe, watu wakae kimya nyuma yake, pasipigwe picha ya fleshi, na Shirika la Wanyamapori la Kenya lipewe habari. Mashimo ya mchezo mchangani yafukiwe kabla ya giza, kasa asitumbukie.

Hoja ya usalama ina uzito, na haipuuzwi. Ila taa kali inayowaka usiku kucha humpofusha mlinzi na kuacha weusi mzito nyuma ya mwanga huo ambamo mtu anaweza kusimama asionekane. Mlinzi mwenye macho yaliyozoea giza, anayezunguka, na taa ya chini inayowaka mtu akipita, huilinda kambi vizuri zaidi.

Jirani akikosea, asikemewe kutoka kitandani. Mtu aende, asimame hatua chache kutoka hemani, apige hodi kwa sauti ya chini, asalimu, kisha aseme haja yake. Wenyeji wa Shanzu wanaopita ufuoni usiku kwenda kwenye vyombo vyao wasimulikwe tochi usoni kama wezi. Njia ni yao.

Vijana waambiwe haya jioni ya kwanza, kabla hema la kwanza halijasimama.

Wasalaam,
Mjomba wako