Kisu cha Wenela

Babu alirudi kutoka machimbo ya Afrika Kusini kabla ya Uhuru, enzi vijana wa Rungwe walipokwenda kwa mkataba wa Wenela, wakala wa kuajiri watu wa migodini. Blanketi alizoleta zilichakaa, gramafoni ikafa. Kilichobaki ni okapi, kisu cha kukunja chenye mpini wa mti uliopachikwa nyota na miezi ya bati. Jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ila visu vyenyewe vilianza kufuliwa Ujerumani mwaka 1902. Vya Afrika Kusini vilikuja miaka ya 1980.

Chuma cha okapi hushika kutu, na kwetu Tukuyu mvua haiji kutembea, imehamia. Ukimenya ndizi mbichi, utomvu hugeuza bapa kuwa jeusi kabla hujamaliza chana moja. Bibi kisu chake hakikunjiki, kwa hiyo hakuwa na shida: alikisugua kwa jivu, akakifuta, akakichomeka darini kwenye moshi. Cha kukunja huficha uchafu ndani.

Jumamosi babu alikifungua, kikalia kra-kra-kra. Alichonga kijiti cha mwanzi, akakizungushia kitambaa, akakipitisha kwenye ufa wa mpini mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye riveti. Fungua, vuta pete, funga, mara kumi, weusi ukachuruzika, akaufuta. Mafuta ya kula aliyakataa katakata. Yanaganda, alisema, kisha yanakusanya vumbi, na vumbi ni msasa.

Nikiwa darasa la tano nilikiiba, nikakatia malimau, nikakikunja kibichi hivyo hivyo. Siku tatu kikakaa mfukoni mwa kaptula. Kilipopatikana hakikufunguka. Nilisubiri fimbo, haikuja. Babu alikiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi akanisogezea kinoo na kopo la maji.

"Mume mwenzangu," akasema, "leo kazi ni yako."

Nilisugua hadi adhuhuri, yeye akinirekebisha mkono kila nilipouinua: ukisimamisha bapa mno, unakula makali badala ya kuyanoa. Kutu ilitoka yote, kikabaki kitundu karibu na ncha, kidogo kama kichwa cha pini.

Kisu ninacho mimi sasa. Nakipaka mafuta Jumamosi, kwa kijiti kile kile cha mwanzi. Kitundu bado kipo. Ukipitisha ukucha, unakwama.