Kaka Akinyamaza, Mdogo Aimbe na Nani?

Msomaji wangu, wengi wetu tukisikia muziki wa kantri tunamkumbuka Kenny Rogers na Dolly Parton, basi. Leo twende milimani kidogo, jimbo la Virginia kule Marekani, kwa ndugu wawili wa tumbo moja: Carter Stanley na mdogo wake Ralph. Muziki wao unaitwa bluegrass. Hauna madoido ya umeme. Ni gitaa, banjo, fidla, mandolini na besi kubwa ya kusimama nayo, halafu sauti zinapandana mpaka mwili unasisimka.

Ralph alipokuwa kijana, mama yake alimwambia achague: nguruwe au banjo, bei ni ileile, dola 5. Mtoto wa shamba huyo! Akachukua banjo, na mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuipiga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, ndugu hawa wakatoka jeshini, na mwishoni mwa 1946 wakaanza kusikika katika redio WCYB ya mji wa Bristol. Carter alipiga gitaa, alitunga, na jukwaani ndiye aliyekuwa msemaji. Ralph alikuwa mtu wa aibu. Kazi yake ilikuwa banjo na ile sauti ya juu inayokata kama wembe.

Habari hii imenigusa kwa sababu mimi nami naimba na kaka yangu. Harusi, send-off, kipaimara, sisi tupo. Kaka ndiye mwenye maneno. Akishika maiki hata mama mkwe anacheka. Mimi nasimama kando na gitaa langu, naitikia.

Tatizo ni chupa. Kila ukumbi hakosi mtu wa kumwambia, "Bingwa, hii yako," na kaka hajui kukataa. Siku hizi asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate ya kutolea loki. Mwezi uliopita mwenye shughuli mmoja alinivuta pembeni: "Dogo, huwezi kuja peke yako?"

Jamani, swali hilo ni zito. Ralph nalo lilimkuta. Carter alikuwa mtu wa chupa. Machi 1966 walizuru Ulaya wakashangiliwa; Desemba 1 mwaka huohuo ini likamtoa duniani, ana miaka 41. Ralph, miaka 39, akabaki na maiki ambayo hakuzoea kuisemea.

Alisita, lakini hakurudi shamba. Bendi yao, Clinch Mountain Boys, aliendelea nayo. Alitafuta waimbaji wa kusimama pale aliposimama kaka, akarudia pia uimbaji wa kanisani kwao, sauti tupu bila ala. Mwanzoni mwa miaka ya 70 akawachukua vijana wawili, Ricky Skaggs na Keith Whitley, ambao baadaye wakawa nyota. Lakini pombe haina huruma: 1989 ikamwondoa Whitley naye.

Ralph akazidi kuimba. Mwaka 2000 sauti yake ikasikika katika filamu ya O Brother, Where Art Thou?, na 2002 akapata tuzo ya Grammy, ana miaka 75! Alifariki 2016. Piga hesabu: na Carter alidumu miaka 20, bila Carter karibu 50.

Nilichojifunza ni hiki: ndugu anaweza kukuazima sauti, ini hawezi kukuazima. Kwa hiyo nilikaa na kaka nikamweleza nilivyoulizwa, bila kuficha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nenda, mdogo wangu. Ila nyimbo zangu usiziharibu."

Jumamosi hii naenda peke yangu. Simtupi, nitakazoimba ni zile alizotunga yeye, na nusu ya malipo ni yake. Jumatatu tunaongozana hospitali, ameahidi. Nafasi yake ipo, lakini kwanza apone.

Na wewe unayemtuza mwanamuziki kwa chupa ukidhani ndiyo mapenzi, nakuomba sana: mpe nauli. Akikataa, mnunulie soda.